Fedha za Utamaduni Si Sadaka ya Ikulu

Asubuhi ya tarehe 10 Aprili 2025, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere waliingia ukumbini mjini Nakuru, wakasimama wima, wakaimba Wimbo wa Taifa, kisha wakatoka nje. Hawakuigiza. Mchezo wao, Echoes of War, ulikuwa umeondolewa mashindanoni, na Mahakama Kuu ikaamuru urudishwe. Lakini amri ya mahakama ilipofika Nakuru ilikuta ukumbi hauna watazamaji wala vyombo vya sauti. Mwandishi wa mchezo, Cleophas Malala, aliyekuwa Seneta wa Kakamega, alikuwa ametiwa mbaroni siku iliyotangulia. Na nje ya lango polisi walikuwa wakiwafukuza wananchi na waandishi wa habari kwa gesi ya kutoza machozi.

Mengi yamesemwa juu ya gesi ile, na yalistahili kusemwa. Sisi twataka kuuliza swali jingine, ambalo halikusikika sana katika kelele za siku zile. Ukumbi ule ulikuwa wa nani? Tamasha la kitaifa la maigizo ya shule ni la Wizara ya Elimu. Ratiba ni yake, vyeti ni vyake, na maofisa wanaoketi viti vya mbele ni wake. Lakini karo hulipwa na mzazi, na mishahara ya wote waliohusika na mlango ule hulipwa na mzazi yule yule, kila anunuapo kitu dukani chenye kodi ndani yake. Msichana wa Butere alinyamazishwa kwa fedha za mamake.

Vuguvugu la mageuzi lilipopigana katika miaka ya 1990, madai yake yalijulikana na kila mtu: kufutwa kwa kifungu cha 2A, jambo lililotimizwa Desemba 1991, kisha tume huru ya uchaguzi, mahakama zisizopokea simu kutoka juu, na katiba mpya. Fedha za maktaba, za majumba ya michezo, za nyaraka za kale na za lugha zetu zilitajwa kwa nadra sana. Zilionekana kuwa mapambo, mambo ya kushughulikiwa nchi ikiisha kupata haki. Twasema wazi kwamba huo ulikuwa upungufu wetu, na tungali tunaulipia. Serikali iliyopokonywa uwezo wa kumfunga mtu bila mashtaka ilibaki na uwezo mwingine, mpole zaidi na usioacha alama mwilini: uwezo wa kutoa na kunyima.

Wasomaji wetu wa kanisani wanamkumbuka nabii Amosi. Alipofika Betheli akawasema waliowauza maskini, kuhani Amazia hakumjibu kwamba amesema uongo. Alimwambia aondoke, akatafute riziki yake kwao Yuda, kwa sababu mahali pale palikuwa pa mfalme. Ukweli wa maneno haukujadiliwa kabisa. Kilichojadiliwa ni mwenye jengo. Hoja ya Amazia ndiyo hoja ya kila ofisa aliyewahi kufunga ukumbi katika nchi hii, ingawa ofisa wetu huiita kanuni za mashindano, au usalama, au ukosefu wa leseni.

Tazama historia ya jengo moja tu. Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, Nairobi, ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza Hali ya Hatari. Wakati vijana wa Kiafrika walikuwa wakikusanywa na kutiwa vizuizini, fedha za umma zilikuwa zimejenga mahali pa walowezi kutazama michezo ya kwao. Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika, lakini uongozi wa ukumbi haukubadilika upesi vile. Mwaka 1976, Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo walipoleta mchezo wao juu ya kesi ya Dedan Kimathi, iliwabidi wagombee siku chache tu katikati ya maonyesho ya kigeni. Miezi michache baadaye, mapema mwaka 1977, serikali ile ile iliupeleka mchezo ule ule Lagos, Nigeria, kuiwakilisha Kenya katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Ulifaa kutuletea sifa ugenini. Nyumbani ulikuwa mzigo.

Mwaka huo wa 1977 haukwisha kabla ya jambo zito zaidi. Huko Kamiriithu, Limuru, wakulima na vibarua wa mashamba ya chai na wa viwanda walikuwa wamejijengea jukwaa lao wenyewe chini ya mbingu. Hawakupokea hata senti moja ya serikali. Walileta mbao, walileta mikono yao, na jioni baada ya kazi walikaa pamoja kuusahihisha mchezo Ngaahika Ndeenda kwa lugha yao ya Kikuyu, kwa sababu walioishi maisha yale waliyajua kuliko waliosoma vitabuni. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba 1977. Katikati ya Novemba leseni ilifutwa. Siku ya mwisho ya mwaka, Ngũgĩ alikuwa kizuizini, akapelekwa Kamiti bila kushtakiwa, na hakutoka mpaka Desemba 1978. Wanakijiji walipojaribu tena mwaka 1982 na mchezo mwingine, walifungiwa mlango wa Ukumbi wa Taifa, chama chao kikafutiwa usajili, na tarehe 12 Machi polisi walifika Kamiriithu wakalibomoa jukwaa lile.

Tumesimulia kisa cha Kamiriithu kwa kirefu kwa sababu wako wenzetu, tena waaminifu, wanaotushauri kwamba dawa ya ugonjwa huu ni kutogusa fedha za serikali. Tujichangie, wanasema, harambee zimejenga shule na makanisa, nazo zitajenga majumba ya sanaa. Ushauri huu una heshima yake, na sisi wenyewe tumeufuata mara nyingi kwa kukosa njia nyingine. Lakini Kamiriithu ilijichangia. Kutopokea hakukuilinda. Mtu aliyekataa sahani ya mfalme alivunjiwa hata jiko lake. Wala si haki kumwambia mwananchi aliyekwisha kutoa kodi atoe mara ya pili, kana kwamba ile ya kwanza ilikuwa ushuru wa kumtunza mtu mwingine. Chanzo cha fedha si kinga. Kinga ni sheria, na kama sheria haipo, mwenye kupokea na mwenye kukataa hupigwa kwa rungu moja.

Isidhaniwe kwamba serikali ya chama kimoja haikutumia fedha kwa utamaduni. Ilitumia, tena kwa moyo mkunjufu. Sisi tuliokuwa shule ya msingi katika miaka ya 1980 tulikuwa sehemu ya matumizi hayo. Tulinywa maziwa ya Nyayo, tukakaririshwa nyimbo za kumsifu mtawala, tukasimamishwa juani siku za sikukuu kusubiri msafara upite. Kwaya kubwa zilikusanywa kutoka vyuo, idara za serikali na mashirika ya umma. Walimu waliokuwa na kipaji cha kutunga wakatunga walichoombwa kutunga. Mwaka 1988 iliundwa Tume ya Kudumu ya Muziki ya Rais, na twaomba msomaji alitazame jina lenyewe: muziki wa taifa zima ukawekwa chini ya cheo cha mtu mmoja. Tume hiyo ilipewa kazi halali ya kuendeleza muziki na ngoma za Kenya, na hatuna neno baya juu ya wanamuziki waliofanya kazi humo. Twalalamikia mpango uliomfanya fundi wa nyimbo achague kati ya kusifu na kulala njaa.

Mwaka huo huo wa 1988, kura zilipigwa kwa mlolongo, na gazeti la makanisa, Beyond, lilipoandika jinsi mistari mirefu ilivyoshindwa na mifupi, lilipigwa marufuku na mhariri wake akafungwa. Miaka miwili baadaye, mabanda ya Muoroto, Nairobi, yalipovunjwa, kanda za nyimbo za kuomboleza ziliuzwa vituoni na kuchezwa ndani ya matatu, na polisi wakawasaka wachuuzi wake. Basi ukitaka kujua utamaduni wa Kenya ulikuwa wapi mwaka 1990, usiutafute katika makadirio ya bajeti. Fedha zilikuwa kwenye kwaya za uwanjani. Nchi ilikuwa kwenye matatu.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilikuja kuyakata mambo haya mzizi. Tukiwa mawakili, twaomba radhi kwa kutaja vifungu, lakini vifungu hivi ni mali ya msomaji. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na inaiamuru Dola ikuze kila aina ya usemi wa kitaifa na wa kitamaduni, kwa fasihi, sanaa, sherehe za jadi, maktaba na urithi mwingineo. Neno lililotumika ni la wajibu. Halisemi kwamba Dola yaweza kufanya hivyo ikipenda, au hali ya uchumi ikiruhusu. Ibara ya 33 inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina lake, na kuweka mipaka inayojulikana: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, na matamshi ya chuki. Kumkera mkubwa hakumo katika mipaka hiyo. Na Ibara ya 201 inataka fedha zote za umma zitumiwe kwa uwazi na kwa ushirikishi wa wananchi.

Ziunganishe ibara hizo tatu, na utaona jambo ambalo maofisa wetu hawajakubali kuliona. Dola imeamriwa kulipia sanaa, imekatazwa kuinyamazisha, na imelazimishwa kutoa hesabu. Anayelipa si mwenye kauli. Mwaka 2013, Butere hao hao walipozuiwa kuonyesha Shackles of Doom, uliotungwa na Malala huyo huyo, Okiya Omtatah alikwenda Mahakama Kuu na marehemu Jaji David Majanja akaondoa marufuku ile. Sheria ilikuwa imekwisha kusemwa kwa sauti ya kutosha. Miaka 12 baadaye ilibidi wasichana wengine waende mahakamani kutafuta jibu lile lile, wakalipata, na lisiwafae kitu. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba mtu anaweza kushinda kesi na bado akakosa ukumbi, kwa sababu hakimu hawezi kuwasha taa wala kupanga viti. Anayeshika funguo, vyombo na ratiba ndiye anayeshika haki yenyewe mkononi.

Na funguo hizi zinashikwaje leo? Ukumbi wa Taifa tulioutaja ulikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015, kwa msaada mkubwa wa kampuni ya kutengeneza bia. Mfuko wa serikali ulioundwa mwaka 2018 kusaidia michezo, sanaa na maendeleo ya jamii hulishwa na kodi za kamari, na sanaa hugawana mfuko huo na viwanja vya mpira na mahitaji ya afya. Tunawaandikia waumini, kwa hiyo hatutasema mengi. Wenyewe wanajua ni nyumba ngapi zimevunjwa na chupa na kamari. Twasema tu kwamba nchi inayouita utamaduni msingi wake katika Katiba, kisha ikauachia makombo ya baa na ya kamari, haijaamini maneno yake yenyewe.

Tumkumbuke pia Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966. Mzee yule alikusanya maelfu ya vitabu, hati, michoro na vinyago vya Afrika. Angeweza kuuza ng'ambo na kuwa tajiri. Aliiuzia serikali yake kwa masharti nafuu, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba pale patakuwa chuo cha kuchunguza mambo ya Afrika. Mkusanyo wake waweza kuonekana hata sasa katika Nyaraka za Taifa na katika Nairobi Gallery, na ni fahari kuutazama. Nyumba iliachwa ikachakaa, kisha ikabomolewa. Hakukuwa na sheria iliyolinda ahadi, wala bodi iliyokuwa na uwezo wa kumshtaki aliyeivunja. Kilikuwapo neno la waheshimiwa, na waheshimiwa hubadilika.

Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, ilikuwa ya wazungu peke yao kwa karibu miongo mitatu. Baada ya hapo ikawa yetu sote, na vumbi likawa letu sote. Tangu mwaka 2018 shirika la wananchi liitwalo Book Bunk, kwa makubaliano na serikali ya kaunti, limekuwa likizifufua maktaba za jiji, na za Kaloleni na Makadara zimerudishiwa uhai. Tunawapongeza. Hata hivyo hatuwezi kusahau kwamba wanafanya kazi ambayo jiji linatoza ada na kodi ili liifanye.

Sasa tusikie upande wa pili, kwa kuwa una hoja na hatutaki kuipuuza. Mama mmoja katika mkutano wa parokia alituuliza, kwa upole, iwapo tungeweza kumtazama machoni mgonjwa asiye na dawa na kumwambia kwamba kaunti imenunua ngoma. Hatungeweza. Lakini tumekuwa tukisoma makadirio ya bajeti kwa muda sasa, na hatujaona mahali dawa zilipoliwa na ngoma. Zimeliwa na magari, na safari, na posho za vikao, na zabuni zilizopandishwa bei. Fedha za utamaduni ni kidogo kiasi kwamba zikifutwa zote hazitajaza duka la dawa la hospitali moja ya rufaa kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, twamwomba mama yule akumbuke ni nani aliyemfundisha kuuliza kwamba dawa zimekwenda wapi. Hakufundishwa na hospitali. Alifundishwa na mahubiri, na mchezo wa kuigiza wa elimu ya uraia chini ya mti, na gazeti, na wimbo. Watu wasiojua historia ya haki yao hawawezi kujua kwamba wameibiwa.

Kwa sababu hiyo twatazama kwa wasiwasi hesabu ambazo Wizara ya Elimu imekuwa ikitangaza kuhusu shule za upili za mtaala mpya: asilimia 60 ya wanafunzi waelekezwe sayansi na teknolojia, asilimia 25 masomo ya jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo. Hatuna ugomvi na sayansi. Tunahitaji wahandisi na wauguzi. Ila tumewasikia wakubwa kadhaa, wa serikali zilizopita na za sasa, wakizungumza juu ya historia, lugha na falsafa kana kwamba ni starehe ya watoto wa wenye nafasi. Twagundua kwamba wakubwa hao huwa hawakosi mtu wa kuwaandikia hotuba.

Wako pia waumini wenzetu wanaokubali kwamba serikali ilipe, lakini wanaitaka izuie yale yanayoudhi maadili. Kwao tunasema kwa heshima: kumbukeni Beyond. Mkono mliouomba ukamzuie msanii asiyewapendeza ndio uliolizuia gazeti lenu, na haukubadilisha hata muhuri. Kanisa lina mimbari, lina shule, lina nyimbo, lina uwezo wa kumjibu mtunzi kwa hoja na kwa sanaa iliyo bora kuliko yake. Halihitaji kuazima kufuli ya mkuu wa polisi. Mtoto alindwe kwa sheria zinazomlinda mtoto. Mkubwa asilindwe na mchezo wa watoto.

Ili tusionekane kudhani kwamba matatizo haya ni ya Afrika peke yake, tutupe jicho Marekani. Mwaka 1965 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kugharimia sanaa na taaluma za historia, fasihi, lugha na falsafa. Baadaye likaundwa baraza kwa kila jimbo na kila himaya, yote yakiwa 56, kila moja likiwa shirika la kujitegemea lisiloketi ofisini mwa gavana. Kwa mpango huo maktaba za vijijini zilipata mijadala ya vitabu, wanajeshi wastaafu wakapata mahali pa kusimulia, na miji midogo ikaandika historia yake. Aprili 2025, serikali mpya ya Washington ilituma barua za kukatisha ruzuku hizo, na mabaraza mengi yakabaki hayana fedha za kulipa wafanyakazi. Lakini hayakupiga magoti. Yalikwenda mahakamani, na Agosti 2025 jaji wa shirikisho huko Oregon akatoa amri ya muda dhidi ya serikali, akiona kwamba yaelekea ilivunja sheria kwa kuzuia fedha zilizopitishwa na Bunge.

Hatuleti mfano huu ili tuwasifu Wamarekani, ambao wana misiba yao. Tunauleta kwa jambo moja. Mabaraza yale yalipata mahali pa kusimama mahakamani kwa sababu fedha zilikuwa zimetajwa katika sheria na kupitishwa na wawakilishi wa watu. Zingekuwa zawadi ya rais, rais angezichukua na hadithi ingeisha. Kikundi cha ngoma cha Kilifi au cha Turkana kinachoahidiwa basi na gavana jukwaani hakina hata karatasi ya kumwonyesha wakili.

Kwa hiyo twadai sheria, na tutaeleza iwe ya namna gani. Fedha za sanaa na urithi zipewe fungu lao katika bajeti, lipigiwe kura na Bunge kwa jina lake, lisifichwe ndani ya matumizi ya wizara ambako laweza kuhamishwa katikati ya mwaka kugharimia sherehe. Ugawaji wake ufanywe na baraza ambalo wajumbe wake wametangazwa, wamehojiwa hadharani, wana muda maalumu, na hawawezi kufukuzwa kwa sababu mchezo fulani umemuudhi mtu. Anayeomba na kunyimwa apewe sababu kwa maandishi. Na hili ndilo tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote: anayetoa fedha au ukumbi asiwe na ruhusa ya kuusoma mchezo kwanza ili aamue kama utaonyeshwa. Akidhani umevunja Ibara ya 33, aende yeye mahakamani akathibitishe. Kwa miaka zaidi ya 60 mzigo huo umebebwa na msanii; ni wakati ubebwe na mwenye gari la serikali.

Twajua kwamba baraza lolote laweza kutekwa. Tumeona tume zilizozaliwa huru zikizeeka mapema. Lakini baraza linalotakiwa kuandika sababu zake huacha nyayo, na nyayo zaweza kufuatwa na wakili, na mwandishi wa habari, na mwalimu wa shule aliyekataliwa.

Wakati sheria hiyo inadaiwa, ipo kazi isiyongoja Bunge. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti zote 47 maktaba, makumbusho, na shughuli na majengo ya utamaduni. Fedha hizo zinapangwa karibu na nyumbani kwako, na zinapangwa kwa tarehe zinazojulikana chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya kila hatua wananchi wana haki ya kusikilizwa. Tumehudhuria vikao hivyo. Mara nyingi viti vya mbele hujazwa na watu walioletwa kwa lori kushangilia barabara, na ukurasa wa utamaduni hupita bila mtu kuusoma.

Tunaomba kila parokia, kila kikundi cha haki na kila chama cha walimu wa fasihi kitume angalau watu wawili. Wasiende na hotuba. Waende na maswali machache: mwaka uliopita kaunti ilitenga kiasi gani kwa maktaba na kikatumika kiasi gani, ni vikundi vipi vilivyopata fedha, na nani aliyevichagua, ukumbi wa umma hukodishwa kwa bei gani, na ni nani aliyewahi kunyimwa. Wakiambiwa takwimu hazipo, waandike barua siku hiyo hiyo kwa ofisi ya kaunti, wakitaja Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi inapaswa kujibu katika muda wa siku 21. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa na nakala ibaki kwa katibu wa kikundi, kwa sababu siku ya 22 tutaihitaji.